Miezi 14 na presha kuka ya umeme: maharage, LUKU na majirani

Mwezi wa nne mwaka 2024 mkaa ulilowa. Ulilowa Kisarawe ulikotoka, ukalowa juu ya lori, ukalowa kwenye kibanda cha kaka anayetuuzia pale kona, na kisado kilichokuwa shilingi 2,000 kikawa 3,000, nusu yake maji. Siku moja nilibandika maharage saa kumi na moja jioni. Saa tatu usiku bado yalikuwa yanagonga kwenye sufuria kama kokoto, moshi umejaa koridoni, jirani anakohoa kwa makusudi ili nimsikie. Tulikula wali kwa chai. Jumamosi iliyofuata nikapanda daladala la Kariakoo na laki moja na nusu niliyoitunza kwa ajili ya mambo mengine, nikarudi Tabata na presha kuka ya umeme kwenye boksi.

Nimeitumia miezi 14 sasa, ndiyo maana nathubutu kuisema. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari na ni Mpare wa Same. Kwa la kwanza mtanivumilia nikichomeka somo la joto la dunia katikati ya habari za maharage. Kwa la pili, mahesabu mtakayoyaona humu nimeyafanya mwenyewe, kwa daftari, na hakuna shilingi iliyoachwa.

Kitu chenyewe ni cha lita 6, wati 1,000. Kina mfuniko wa kuzungusha mpaka ulie "kla", kivalvu cha kutolea mvuke juu, mpira mweupe unaozunguka ndani ya mfuniko, na sufuria ya ndani nyeusi isiyoshika chakula. Walianzia 170,000, tukaachana 145,000. Chapa siitaji kwa sababu haina maana: pale dukani niliona tatu za majina tofauti, na nilipozigeuza chini zilikuwa kitu kilekile, hata skrubu zilikaa mahali pamoja. Zilichotofautiana ni stika.

Niliponunua sikuangalia plagi, na hilo ni kosa langu la kwanza. Ilikuja na plagi ya pini mbili bapa, muuzaji akanipa adapta ya bure, mimi nikashukuru. Siku ya nne adapta ikanuka, ikalainika kama pipi iliyosahauliwa juani. Wati 1,000 si za kuchaji simu. Fundi alikata ile plagi, akaweka ya pini tatu za mraba yenye fyuzi ya ampea 13, nikalipa 5,000 pamoja na maneno: "Mwalimu, na wewe unatumia adapta za mia tano?" Nikamwambia nilipewa. Akacheka.

Kisha yakaja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla.

Nyumba yetu ina wapangaji wanne na mita moja. Kila mwezi kila mmoja anatoa 10,000, na mchango mmoja wa namna hiyo unaleta uniti 28 hivi ukiacha kodi ya jengo. Mwezi ule umeme uliisha siku mbili kabla. Siku mbili tu. Lakini boksi la presha kuka lilikuwa limeonekana likipita mlangoni, na kwenye stika ya ubavuni imeandikwa wati 1,000 kwa maandishi makubwa. Jioni nikakuta kikao koridoni. Dada wa chumba cha mbele ndiye aliyefungua: "Mwalimu, hatukukatazi kupika, lakini hilo dude lako linakula umeme wa watu." Baba mwenye nyumba aliitwa. Akaja na kanzu yake, akakaa kwenye kigoda, akasema yeye hana neno na mtu, ila ikibidi mwalimu aongeze 15,000 kila mwezi ili amani ipatikane.

Elfu kumi na tano kila mwezi! Mpare! Nikasema naomba wiki moja.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na si kosa lao kwa sababu hata vitabu vyetu vinalieleza vibaya, ni tofauti ya wati na uniti. Wati ni kasi ya kula. Uniti ni kiasi kilicholiwa mpaka mwisho. Mtu anayekula haraka dakika ishirini anaweza kumaliza chakula kidogo kuliko anayetafuna polepole kutwa nzima. Presha kuka inakula kwa kasi mwanzoni, labda robo saa, mpaka presha ijae. Baada ya hapo inajizima, inasikilizia, joto likipungua inajiwasha kidogo, inajizima tena. Ukikaa karibu nayo utaisikia: tik, kimya, tik. Ina ukuta mara mbili kama chupa ya chai, na ndani yake maji yanachemka juu ya nyuzi 100 kwa sababu mvuke umebanwa. Ndiyo maana maharage yanaiva kabla hayajajua kilichowapata.

Nilinunua mita ndogo ya kugawia, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, 38,000, na fundi 15,000 kuifunga kwenye waya wa chumba changu. Nikaanza kupima. Kilo moja ya maharage makavu ambayo sikuyaloweka: uniti 0.4. Yakilowekwa usiku: 0.3. Wali wa watu watano: 0.2. Makande: 0.5. Supu ya kongoro: 0.5, na kongoro linaachia mfupa lenyewe. Baadaye, kwa mwezi mzima nikipika karibu kila siku, mita yangu ndogo ilinionyesha uniti 12 za jiko. Uniti moja kwetu inasimama kama shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo zake. Kumi na mbili ni 4,272.

Wiki ilipoisha nikaomba kikao tena, nikaenda na karatasi. Nilianza na salamu, nikauliza hali za watoto, halafu nikauliza kwa upole ni nani anayechemsha maji ya kuoga kwa hita. Kimya. Hita ni ile koili unayotumbukiza kwenye ndoo. Nyumba yetu zilikuwa mbili. Hesabu yake anaweza kuifanya mwanafunzi wa kidato cha pili: lita 20 za maji ya bomba, nyuzi 26, uyapeleke 45, unahitaji uniti 0.44 hata hita isipopoteza chochote. "Dada yangu," nikamwambia, "kila ndoo yako ni sufuria yangu ya maharage. Na kwako mnaoga watu watatu." Baba mwenye nyumba aliangalia karatasi muda mrefu. Akasema basi kila mtu afunge mita yake ndogo, habari imeisha. Zimefungwa zote nne. Hita moja ilistaafu mwezi uleule.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu kwenye mapitio ya majiko haya hakuna anayelisema. Wote wanaandika "linaokoa umeme" kana kwamba kila mtu ana mita yake. Dar wengi tunachangia. Kama unachangia, bei ya jiko si 145,000, ni 145,000 na mita ndogo juu yake, na kikao. Bila hivyo utalirudisha kwenye boksi kwa aibu.

Sasa mkaa. Kabla ya jiko hili nilikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai, mboga na ugali, lakini vitu vya kuchemsha muda mrefu nilipika kwa mkaa kwa sababu gesi ilikuwa inakwisha huku naiona. Visado 15 kwa mwezi. Kimoja nilikipeleka dukani wakakipima: kilo moja na robo kikiwa kikavu. Kwa mwezi ni kilo 19 hivi, shilingi 30,000 mkaa ukiwa kwenye bei yake ya kawaida. Toa 4,272, nabaki na 25,700 na ushee. Jumlisha jiko, mita, fundi, plagi, na mpira wa mfuniko nitakaouelezea baadaye: 211,000. Mwezi wa tisa jiko lilikuwa limejilipa.

Zile kilo 19 nilizipeleka darasani, kidato cha tatu, kwa sababu somo la tabianchi nikilifundisha kwa mabarafu ya nchi za mbali wanafunzi wanasinzia.

Kila mwaka naanza kwa kufuta kosa lilelile. Ukiuliza kwa nini dunia inapata joto, mikono kumi inanyooka: "Mwalimu, tundu la ozoni!" Sivyo. Ozoni inachuja mionzi ya jua inayounguza ngozi. Ina ugomvi wake mwingine. Joto hili linatokana na gesijoto, na kubwa kati yake ni hewa ya ukaa. Mwanga wa jua unapita hewani, unafika ardhini, ardhi inapata joto na kulitoa tena juu kama mionzi tusiyoiona. Gesijoto inainasa sehemu ya mionzi hiyo na kuirudisha chini. Kwetu Upareni, milimani, mwezi wa saba usiku unajifunika blanketi. Blanketi halina moto wowote ndani yake, linazuia tu joto lako lisikukimbie. Bila blanketi la hewa, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Nalo likiwepo tunapata 15 juu ya sifuri, tunaishi. Kwa hiyo blanketi si adui. Shida ni kwamba tunaongeza jingine juu yake huku tumelala.

Kuna mwanafunzi aliyeniambia, "Mwalimu, ni kama mfuniko wa presha kuka yako." Nikamkatalia, ingawa nilifurahi amekumbuka. Mfuniko unazuia mvuke usitoke. Angani hakuna mfuniko wa kuzuia kitu kisitoke, ni mionzi inayonaswa na kurudishwa. Nilimpa alama ya nusu.

Kabla viwanda havijaanza kula makaa ya mawe, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280. Sasa imepita 420. Mwaka 2024, mwaka uleule ambao mkaa wetu ulilowa, ulikuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulivuka nyuzi 1.5 juu ya ule wa nusu ya pili ya karne ya 19. Na mvua? Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na alichobeba mtu lazima atue. Masika ile ilikuwa na El Niño nyuma yake, siwezi kuibandika yote kwenye ongezeko la joto. Lakini Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alisimama bungeni tarehe 25 Aprili akitaja watu 155 waliokufa kwa mafuriko, na siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikaingia kisiwani Mafia. Wanafunzi wangu wanaokaa bondeni Jangwani walikosa shule wiki nzima. Hao hawakusinzia.

Basi kilo 19. Kila kilo ya mkaa ikiungua inatoa karibu kilo 2.9 za hewa ya ukaa, kwa sababu ukaa ulio ndani ya mkaa unajiunga na oksijeni ya hewani na uzito unaongezeka. Hilo huwa linawashangaza, na linanishangaza hata mimi. Kwa mwezi ni kilo 55. Ni kama kuchoma lita 24 za petroli, na mimi sina hata bodaboda. Hapo hatujahesabu tanuri. Ili kupata kilo moja ya mkaa kwenye tanuri la udongo porini unafukia kilo 6 mpaka 10 za kuni, na moshi mzito unaotoka pale una gesijoto nyingine, mitheni, ambayo kwa hesabu ya miaka 20 inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Miti ikiachwa ichipue, sehemu ya ukaa inarudi kwenye miti. Pale wanapokata na kulima ufuta, hairudi.

Na umeme wangu? Umeme wa gridi yetu unatokana zaidi na maji na gesi asilia ya kusini. Nikijifanyia hesabu ya kikatili, nikasema uniti zangu 12 zote zimefuliwa kwa gesi, ni kama kilo 6 za hewa ya ukaa. Kutoka 55 kwenda 6, na maharage ni yaleyale. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115, na mwaka 2025 yote iliingia kazini, kwa hiyo hesabu yangu ya kikatili inazidi kuwa ya uongo kila mwezi. Ila mtu wa Same hawezi kulisifia bwawa bila kukumbuka bwawa la Nyumba ya Mungu mwaka 2006, maji yalivyopungua na mgao wa umeme uliotukuta. Umeme wa maji nao unategemea mvua zilezile tunazozivuruga.

Swali likaja, linakuja kila mwaka, na ni zuri: "Mwalimu, Mmarekani mmoja anachafua kuliko ukoo wangu wote. Kwa nini nihangaike mimi?" Ni kweli. Mmarekani wa kawaida anatoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hafiki hata nusu tani. Ukisoma orodha za mambo ambayo "kila mtu anaweza kufanya" utaona zimeandikwa kwa ajili ya huyo Mmarekani. Punguza safari za ndege: nimepanda ndege mara moja, kwenda Mwanza kusimamia mtihani. Tumia usafiri wa umma: waniulize mimi saa kumi na mbili asubuhi nikiwa mlangoni mwa daladala na mguu mmoja. Punguza kipasha joto cha nyumba: Dar! Kula nyama kidogo: hilo mshahara umeshalishughulikia. Nilipozifuta zote zisizonihusu zilibaki tatu: mkaa, mabaki ya chakula yanayokwenda kuoza dampo na kutoa mitheni, na miti ya kijijini. Mabaki siku hizi anachukua jirani mwenye kuku. Miti ni ya likizo. Mkaa ulikuwa jikoni kwangu kila siku, na hautajwi kwenye orodha zao.

Kwa hiyo sikumjibu yule mwanafunzi kwamba jiko langu litapoza dunia. Nilimwambia joto la dunia limeletwa na wengine na wao ndio wanaopaswa kutangulia kulipa, ila mapafu yaliyokuwa yanavuta moshi wa koridoni ni ya mama yako. Hakuridhika sana. Hata mimi nikiwa na umri wake nisingeridhika.

Turudi kwenye jiko, maana naona nimepotelea darasani.

Yasiyowezekana. Ugali usijaribu. Sufuria ya ndani haijashikwa na kitu, ukitia mwiko kwa nguvu inazunguka nayo kama mgonjwa wa kizunguzungu, na mwiko wa mti utaikwangua ile rangi nyeusi. Chapati haiwezekani, samaki wa kukaanga haiwezekani, mchicha ni kuudhalilisha mchicha. Sherehe hakuna: lita 6 ni jina tu, kwa maharage unajaza nusu basi, kwa sababu povu likiziba kivalvu utajuta. Familia ya watu wanane itapika mara mbili. Mimi mtungi wa gesi bado ninao, lakini sasa wa kilo 6 unanipeleka miezi miwili kasoro. Gesi nayo inatoka kwenye mafuta, najua, ila haiachi masizi kwenye paa la koridoni.

Mapungufu yake. Kijitabu cha maelekezo ni cha Kichina na Kiingereza cha ajabu. Vitufe vinane, natumia viwili. Kitufe cha maharage kimewekwa dakika 40, ambazo hazitoshi kwa maharage ya Mbeya makavu. Weka 55, au loweka. Wakati wa jioni umeme ukiwa hafifu robo saa ya kujaza presha inakuwa dakika 25. Umeme ukikatika katikati, jiko langu linasahau kila kitu na ukirudi lazima ubonyeze upya. Lakini usiufungue mfuniko, liache. Mara mbili umeme ulikatika maharage yakiwa nusu na nikayakuta yameiva, kwa lile joto lililofungiwa ndani.

Mpira wa mfuniko ndio shida kubwa. Unanusa. Ukipika utumbo Jumamosi, wali wa Jumapili una habari za utumbo. Nimejaribu ndimu, baking pauda, jua. Dawa ni kuwa na mipira miwili, mmoja wa nyama na mmoja wa vitu vingine. Na mwezi wa tano ule mpira wa kwanza ukaanza kuvujisha mvuke. Nikaenda na risiti na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Yule kijana aliyeniita "mama, karibu sana" siku ya kununua, safari hii hakunyanyua macho kwenye simu. "Mpira hauko kwenye waranti." Nikauliza kilicho kwenye waranti ni nini. "Jiko." Nilitembea maduka sita nikaupata kwa 8,000, na ukubwa haukuwa sawa hadi nilipopima kwa kamba. Ushauri: siku unayonunua jiko, nunua na mpira wa akiba papo hapo, huku bado wanakuita mama karibu.

Sufuria ya ndani imeanza kuchubuka kidogo chini. Natumia upawa wa plastiki, lakini wageni hawaambiliki.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama yangu. Alikuja Desemba kutoka Same, miaka 74, na makande kwake ni jambo la heshima: mahindi ya kukoboa na maharage, mafiga matatu, kutwa nzima. Nilimwonyesha jiko. Akaligusa kwa nje, halina moto. "Linapika kweli hili, au linakaa tu?" Nikaloweka mahindi usiku. Asubuhi nikatia mahindi, maharage, maji, nikafunga, saa moja. Alikaa mbele yake kwenye kiti, mikono mapajani, kama anayesubiri daktari. Mvuke ulipoachiliwa akaruka. Nikamalizia na tui na kitunguu nikiwa nimeacha wazi, akaonja. Akatafuna muda mrefu.

"Yameiva."

"Mama, ladha je?"

"Yameiva, mwanangu. Makande ya kuni yana moshi. Haya hayana neno lolote ndani yake."

Ana haki. Makande ya umeme ni makande yaliyooga. Lakini usiku uleule aliniuliza kule kwetu nguzo zimefika mpaka wapi, na bei. Nilimwambia nguzo zimefika kwa mjomba. Akanyamaza. Nyumbani kutoka kizingitini kwake, asubuhi isiyo na mawingu, unaiona Kilimanjaro. Utotoni mwake kofia ya theluji ilishuka chini kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Tangu mwaka 1912 barafu ile imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na si kwa joto pekee, hewa ya pale juu imekuwa kavu, theluji mpya haitoshi kujazia. Yeye haelezi hivyo. Husema mlima umenyoa.

Aliondoka Januari. Kabla ya kupanda basi alinipa noti ya elfu ishirini iliyokunjwa mara nne: mchango wake wa kuanzia. Nimeshamwongezea, namtafutia la lita 5, na mipira miwili.

Kama mnataka nyota, natoa nne kati ya tano kwa anayepika maharage, makande, dengu, kongoro au utumbo angalau mara tatu kwa wiki na ana mita yake au mita ndogo. Anayeishi kwa ugali na dagaa asijisumbue, anunue gesi. Asiye na umeme kabisa aendelee na jiko banifu, na sufuria ikishatokota vizuri kwa muda aizungushie blanketi ndani ya kapu. Maharage yaliyolowekwa yatamalizika yenyewe humo, bibi zetu walikuwa na akili.

Dada wa chumba cha mbele siku hizi ananiletea maharage yake Jumapili nimpikie pamoja na yangu. Wiki iliyopita aliweka mezani shilingi 200 za umeme. Nikamwambia sufuria moja ni uniti 0.4, ambayo ni 142, na tumegawana, kwa hiyo yake ni 71. Nikamrudishia chenji, mia moja na ishirini na tisa, ila sarafu ya tisa sikuwa nayo, nikampa 130.

"Wapare nyie," akasema, akahesabu chenji yake mara mbili.